Vijue vishazi na sentensi za Kiingereza kabla hujatia saini mkataba

MWAKA 2002 kampuni mbili za mawasiliano nchini Kanada, Rogers na Aliant, zilitia saini mkataba wa kuruhusu nyaya za Rogers kutundikwa kwenye nguzo zilizokuwa chini ya usimamizi wa Aliant. Kabla miaka mitano ya mkataba haijatimia, Aliant ilitoa taarifa ya mwaka mmoja kwamba inausitisha. Rogers, iliyoamini kuwa haiwezi kuguswa hadi miaka hiyo iishe, ilikadiria hasara ya zaidi ya dola milioni 2 za Kanada.

Mgogoro huo wote ulikuwa ndani ya sentensi moja ya Kiingereza. Sentensi hiyo ilisema kwamba mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vingine vya miaka mitano mitano, kisha ikamalizia kwa kipande kilichoanza na maneno "unless and until terminated", yaani isipokuwa na hadi utakapositishwa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Swali lilikuwa: kipande hicho kinashika vipindi vya baadaye tu, au kinashika sentensi nzima, miaka mitano ya kwanza ikiwamo?

Mwaka 2006 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano nchini humo iliutazama mkato uliokitangulia kipande hicho, ikaamua kwamba kinashika sentensi nzima. Aliant ikashinda. Mwaka uliofuata tume hiyohiyo ilibadili msimamo baada ya kusoma nakala ya Kifaransa ya mkataba wa mfano, ambayo haikuwa na utata, na tafsiri ya Rogers ikakubaliwa.

Nchini Tanzania, marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, mikataba mingi ya mikopo, bima na ajira ingali inaandikwa kwa Kiingereza, na wanaoitia saini wengi wao hufikiri kwa Kiswahili.

Kipande kilichozua ugomvi Kanada ni kishazi, yaani fungu la maneno linalojengwa juu ya kitenzi. Kishazi huru husimama peke yake: "The tenant pays the rent", mpangaji hulipa kodi. Kishazi tegemezi hakisimami: "if the tenant pays the rent", mpangaji akilipa kodi. Msikilizaji hubaki akingoja. Ndiyo maana barua ya kuomba kazi yenye sentensi kama "Because I was sick." humkera msomaji wa Kiingereza, ingawa kila neno limeandikwa sawasawa.

Hapa ndipo Mswahili anapoteleza. Katika lugha yetu utegemezi mara nyingi hukaa ndani ya kitenzi: akilipa, asipolipa, aliyelipa, angelipa. Kiingereza huuweka nje, katika neno dogo lililo mwanzoni mwa kishazi: "if", "unless", "who", "although". Aliyezoea kuutafuta ujumbe katika kitenzi hulipita neno hilo haraka, kumbe ndilo lililobeba sharti.

Neno "unless" linastahili kuogopwa kuliko mengine, kwa kuwa tayari lina ukanushi ndani yake, kama -sipo- yetu. "The deposit will not be refunded unless you give notice" maana yake ni kwamba usipotoa taarifa, amana hairudi. Liondoe neno "not" na sharti linapinduka: atakayetoa taarifa ndiye atakayeikosa amana yake.

Kwa hesabu ya vishazi, sentensi sahili ina kishazi huru kimoja, hata ikiwa ndefu mistari mitatu. Sentensi ambatano huunganisha vishazi huru viwili au zaidi, aghalabu kwa "and", "but" au "or". Mkato peke yake hautoshi kuviunganisha. "The bus was late, I missed the interview" huhesabiwa kuwa kosa katika uandishi rasmi. Sentensi changamano ina kishazi huru na kishazi tegemezi. Ipo pia inayochanganya yote mawili. Wanasheria huipenda mno.

Vishazi vya "who" na "which" navyo vina mtego wa mkato. "Workers who were late lost their allowance" inasema waliokosa posho ni wale waliochelewa tu. Weka mkato kabla ya "who" na baada ya "late", na wafanyakazi wote wanaozungumziwa wamechelewa, wote wamekosa posho.

Kwa kazi yake, sentensi huweza kuwa ya taarifa, swali, amri au mshangao. Katika mikataba, amri huvaa sura ya taarifa. "The landlord shall repair the roof" inamfunga mwenye nyumba kutengeneza paa. Ikiandikwa "may repair", ameruhusiwa tu kulitengeneza, na mvua ikinyesha ndani mpangaji hawezi kumdai kwa kifungu hicho.