Kutoka Uwanjani hadi Kiganjani: Umbo, Usambaaji na Kusahaulika kwa Kaulimbiu za Kampeni nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kaulimbiu za kisiasa zilivyohama kutoka mikutano ya hadhara na redio hadi mitandao ya kijamii nchini Tanzania kati ya 1961 na 2021, kwa kuzingatia zaidi Arusha katika uchaguzi wa 2015. Hoja kuu ni kwamba simu haikuunda umbo jipya la kaulimbiu. Ilichagua, miongoni mwa maumbo yaliyokuwapo, yale yanayoweza kuishi bila msemaji wake wa kwanza. Katika uchaguzi huo kiitikio, ambacho ndicho kilichokuwa sauti ya umma, kilidhoofika. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba kumbukumbu ya kaulimbiu za walioshindwa inapotea upesi kuliko ya washindi, na kwamba jambo hilo linawahusu moja kwa moja watafiti wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kati ya Agosti na Desemba 2015, mwandishi wa makala haya alikuwa na mazoea ya kunakili katika daftari maneno ya kampeni aliyokutana nayo Sakina, pembezoni mwa jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Ngaramtoni na Namanga. Yalinakiliwa kutoka vioo vya daladala, matairi ya ziada ya bajaji, kuta za vibanda vya vocha, na vilevile kutoka ujumbe uliosambazwa katika makundi ya WhatsApp ya majirani, wanakwaya na wazazi wa shule. Ujumbe wa simu ulihifadhiwa katika simu yenyewe, kwa imani kwamba huko ungekuwa salama zaidi. Simu hiyo iliharibika baada ya miaka miwili. Daftari bado lipo.

Tukio hilo dogo ndilo lililozaa swali la makala haya. Wataalamu wengi huzungumzia mitandao ya kijamii kana kwamba ni ghala lisilosahau. Kwa upande wa kaulimbiu za kampeni, hali inaelekea kuwa kinyume: maneno yaliyosambaa kwa kasi kubwa ndiyo yaliyo adimu leo, ila yale yaliyookolewa na dola au na kitambaa cha kanga. Ili kuelewa sababu, ni lazima tuanze na umbo la kaulimbiu kabla ya simu.

2.0 Kaulimbiu kabla ya Simu

Kaulimbiu za miongo ya mwanzo ya uhuru zilipendelea muundo wa nomino mbili zilizounganishwa kwa *na*: “Uhuru na Umoja”, “Uhuru na Kazi”, “Ujamaa na Kujitegemea”. Baada ya Azimio la Arusha kutangazwa tarehe 5 Februari 1967, muundo wa pili ulishika nafasi, nao ni ule wa fasili kwa kitenzi kishirikishi *ni*: “Siasa ni Kilimo” (1972), “Mtu ni Afya” (1973), “Chakula ni Uhai” (1975). Muundo wa kwanza unaahidi kwamba mambo mawili yatakwenda pamoja. Wa pili unafundisha: unamweleza msikilizaji kwamba jambo alilolijua kwa maana moja sasa lina maana nyingine.

Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe. Yalitoka kwenye chama, yakapita Radio Tanzania Dar es Salaam, yakafika vijijini kupitia vikundi vya kusikiliza. Kampeni ya “Mtu ni Afya” pekee iliwashirikisha watu takriban milioni 2 katika vikundi vya namna hiyo. Hata hivyo, ingekuwa kosa kuichukulia njia hiyo kuwa ya sauti moja tu. Katika mkutano wa hadhara, kaulimbiu iliishi ndani ya mwito na mwitikio. Msemaji alipotamka “Kidumu Chama cha Mapinduzi!”, neno halikukamilika hadi umati ujibu “Kidumu!”. Vivyo hivyo, baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, CHADEMA ilikuja kujenga salamu yake juu ya maneno ya Kiingereza yaliyoswahilishwa matamshi: mmoja aliita “Pipoz!”, wengi wakaitika “Pawa!”. Kituo kati ya mwito na mwitikio kilikuwa kipimo cha siasa. Kiongozi alisikia ndani yake kama anakubalika, na umati nao ulikuwa na uwezo wa kujibu kwa unyonge au kunyamaza kabisa.

3.0 Arusha, 2015

Tarehe 30 Mei 2015, Edward Lowassa alitangaza nia ya kugombea urais katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, akiita harakati zake “Safari ya Matumaini”. Kwa wanafasihi, mahali hapo pana maana ya pekee, kwa kuwa uwanja huo unabeba jina la mshairi aliyetunga *Sheria za Kutunga Mashairi*. Tukichukua mizani kama kipimo, “Safari ya Matumaini” ina mizani 9. “Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya” ya mwaka 2005 ilikuwa ndefu zaidi, na “Maisha Bora kwa Kila Mtanzania” ya mwaka huohuo ina mizani 13. Hizo ni kaulimbiu za bango na jukwaa.

Miezi miwili baadaye hali ilibadilika. Tarehe 28 Julai Lowassa alihamia CHADEMA na kuwa mgombea wa UKAWA. Waliomfuata waliacha “Safari ya Matumaini” wakashika “Ulipo Tupo”, yenye mizani 5 na vina vya *-po*. Kwa upande wa CCM, John Magufuli alikuja na “Hapa Kazi Tu”, nayo ya mizani 5. Haifai kudai kwamba simu ndiyo iliyoleta ufupi huo, kwani “Mtu ni Afya” na “Kilimo Kwanza” (2009) zina mizani 5 pia. Tunachoweza kusema ni kwamba umbo fupi lilikuwapo tangu zamani, na kwamba mtandao ulilipa nafasi ambayo umbo refu halikuipata.

Arusha ilipata pia jambo ambalo majimbo mengi hayakulipata. Kwa sababu mgombea mmoja alifariki, uchaguzi wa ubunge wa Arusha Mjini uliahirishwa kutoka 25 Oktoba hadi 13 Desemba 2015. Magufuli, aliyeshinda kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa, aliapishwa tarehe 5 Novemba. Kwa hiyo, kwa wiki kadhaa, “Hapa Kazi Tu” ilikuwa tayari kauli ya dola, ilhali “Mabadiliko” ilikuwa ingali kilio cha kampeni katika mji huohuo. Daftari la Sakina linaonesha tofauti hiyo bayana: “Hapa Kazi Tu” ilianza kuandikwa kwenye mbao za matangazo ya ofisi, huku “Mabadiliko” ikibaki kwenye bajaji na simu.

4.0 Sarufi ya Kusambaa

Kwa nini kaulimbiu moja ilisambaa na kudumu, na nyingine ikasambaa na kufa? Jibu moja limo katika viambajengo vyenyewe.

“Hapa Kazi Tu” haina kitenzi, haina nafsi, wala haina njeo. Kiini chake ni kionyeshi *hapa*. Jukwaani, *hapa* humwelekea msemaji. Katika simu, *hapa* huhamia kwa yeyote anayeweka picha: fundi akichanganya saruji, mama akipanga nyanya, au kijana aliyelala fofofo juu ya pikipiki yake. Picha ya mwisho ni kejeli, na sarufi inairuhusu bila kubadilisha neno hata moja. Aidha, nomino ya kati inaweza kubadilishwa, na hivyo kuzaa kiolezo “Hapa ___ Tu”, ambacho wafanyabiashara na wachekeshaji walikijaza walivyotaka. Kaulimbiu inayoweza kutaniwa kwa gharama ndogo husambaa hata kwa vinywa vya wasioipenda.

“Ulipo Tupo”, kinyume chake, imefungwa na nafsi. Kiambishi *u-* kinamtaja mtu mmoja, na *tu-* kinawafunga wengi kwake. Haimwelekei yeyote mwingine. Lowassa aliporejea CCM tarehe 1 Machi 2019, sarufi yenyewe iliwadai waliotamka maneno hayo wahame naye. Hawakuweza, kwa hiyo waliyanyamazia maneno. Ni nadra kwa historia ya siasa kuonesha kwa uwazi kiasi hiki kwamba kiambishi kinaweza kuwa deni.

Mfano wa tatu ni mwito wa “Lowassa – Mabadiliko, Mabadiliko – Lowassa”, uliotamkwa kwa zamu huku mikono ikizungushwa. Uzuri wake ulikuwa katika kupishana kwa sauti mbili. Mtandao ulipouchukua, uliuweka chini ya alama ya reli (#). Alama hiyo haikubali nafasi wala kituo: inaunganisha maneno yote kuwa kamba moja, na herufi kubwa ndizo zinazobaki kuonesha mipaka. Mahali pa kuitika panafutwa. Anayesoma hana nafasi ya kujibu ndani ya neno; ana nafasi ya kulirudia tu, kulisambaza, au kulipita.

5.0 Uwanja Ulipofungwa

Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, isipokuwa ile ya wabunge katika majimbo yao, na zuio hilo halikuondolewa hadi Januari 2023. Wakati huohuo, Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015 katikati ya kampeni, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilimfanya msambazaji wa kawaida afikiri mara mbili. Hivyo kiitikio kilipoteza uwanja, na kiganjani kikakuta hofu.

Kampeni ya 2020 ilisikika zaidi kwa “Mitano Tena”. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na “Tano Tena” mwaka 2017. Tofauti ya silabi moja ina uzito wake. *Tano* ni idadi tupu, kama mtu anayehesabu au kuinua vidole. *Mitano* inabeba upatanisho wa ngeli ya *miaka*, nomino isiyotajwa lakini inayodaiwa na kiambishi. Kaulimbiu ya Tanzania, hata ilipofupishwa hadi mizani 5, ilidumisha upatanisho. Baada ya Magufuli kufariki tarehe 17 Machi 2021, “Kazi Iendelee” ilichukua nafasi ya “Hapa Kazi Tu”. *Hapa* na *tu* viliondoka, *kazi* ikabaki, kama ilivyokuwa mwanzoni kabisa katika “Uhuru na Kazi”. Nomino hii imewapita viongozi wote walioitumia.

6.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba mtandao haukuumba kaulimbiu mpya. Ulizipendelea zile fupi, zisizo na nafsi na zenye kiolezo wazi, na ukazidhoofisha zile zilizohitaji mtu wa pili wa kuitika. Mabadiliko hayo si ya kimtindo tu. Mwitikio ulikuwa mojawapo ya njia chache ambazo raia wa kawaida alizitumia kumweleza kiongozi, papo kwa papo na kwa sauti, kwamba amemkubali au la. Kurudiwa kwa neno mara nyingi mtandaoni hakupimi jambo hilohilo, kwani anayerudia huenda anasifu, anakejeli au anajilinda.

Kuna pia suala la kumbukumbu. “Hapa Kazi Tu” itasomwa na wajukuu wetu katika hotuba, magazeti na kanga. “Ulipo Tupo” na majibizano ya makundi ya simu ya Sakina hayana ghala. Idara zetu za Kiswahili zimezoea kukusanya methali, misemo ya kanga na maandishi ya daladala. Ni wakati wa kukusanya, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuficha majina yao, ujumbe wa kampeni kabla simu hazijaharibika. Vinginevyo, historia ya lugha ya uchaguzi wetu itaandikwa kwa miito pekee, na atakayeisoma atadhani kwamba hapakuwa na aliyeitika.