Malori ya Njia ya Karatu na Historia Iliyomo katika Maneno Yake

Waandishi wa historia ya nchi yetu wameandika mengi juu ya reli, na wamefanya vema, maana reli huacha karatasi nyingi nyuma yake: mikataba, ramani, hesabu za vituo na ripoti za kila mwaka. Lori haliachi karatasi nyingi. Mwenyewe hufa, daftari lake la nauli huliwa na mchwa, na bodi lake hukatwa vipande likauzwa kwa kilo. Kwa sababu hiyo historia ya uchukuzi wa malori katika wilaya za bara imeandikwa kidogo, na mtu aitafutaye katika nyaraka hurudi na machache. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba, kwa habari ya njia moja, ile itokayo Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro, sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa mahali pengine, yaani katika maneno ya watu walioendesha, waliopakia na waliosukuma malori hayo. Na kwamba maneno hayo sasa yanatoweka pamoja na wazee wake.

Yafaa kwanza kuieleza njia yenyewe. Reli ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikafika Arusha mwaka 1929, na magharibi ya hapo haikuendelea. Karatu iko yapata kilomita 140 kutoka Arusha. Msafiri huvuka uwanda wa Wamaasai hadi Makuyuni, akageuka kulia kwenda Mto wa Mbu, kisha akaukabili ukingo wa Bonde la Ufa ulio juu ya Ziwa Manyara. Akiisha kuupanda hufika nyanda za Rhotia na Karatu, penye udongo mwekundu wenye rutuba. Na akizidi kupanda huingia katika msitu wenye ukungu, hata afike ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Udongo ule wakati wa kiangazi huwa vumbi, na wakati wa masika huwa utelezi. Leo njia ni ya lami hadi lango la hifadhi, kazi iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Lakini kwa miaka sabini hivi, tangu reli ilipofika Arusha, kila gunia lililoshuka na kila pipa la mafuta lililopanda lilipita katika vumbi hilo na tope hilo.

Na magunia hayakuwa machache. Walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa huko Oldeani kabla ya Vita vya Pili. Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani hao walitiwa kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali ya adui. Wakati huohuo Wairaqw walikuwa wakisogea kaskazini kutoka milima yao ya Mbulu, wakilima mahindi, maharage na ngano. Na baada ya vita ngano ya Karatu iliongezeka sana kwa msaada wa matrekta. Mazao hayo yote yalitaka kufika Arusha. Malori yaliporudi yalipandisha chumvi, sukari, nguo, mabati, saruji na mafuta ya taa, na juu ya mzigo waliketi watu.

Huko Arusha ngano ilipelekwa kwenye eneo la viwanda, na hapa twakuta ushahidi wa kwanza wa maneno. Kata moja ya mji ule yaitwa Unga Limited mpaka leo. Jina hilo ni la kampuni ya kusaga nafaka. Mwaka 1967 viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na kazi yake ikashikwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Shirika hilo nalo halipo tena katika hali yake ya zamani. Hata hivyo jina la kampuni limebaki. Watoto huzaliwa Unga Limited, huolewa Unga Limited, wala hakuna afikiriaye hisa za wenye kampuni. Jina la mwenye mali limegeuka kuwa jina la mahali, na kwa kugeuka hivyo limeishi kuliko mali yenyewe.

Ama wenye malori, wengi katika siku za ukoloni walikuwa wafanya biashara wa Kiasia wa Arusha na wa maduka ya njiani, pamoja na walowezi waliojichukulia mazao yao. Waafrika waliingia katika biashara hii baadaye, kidogo kidogo. Neno kampuni lisimdanganye msomaji. Mara nyingi kampuni ya njia hii ilikuwa mzee mmoja, wanawe wawili na malori mawili, moja likitembea na jingine likitolewa vipuri. Jina lilipakwa rangi mlangoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi. Katika miaka ya 1970 yaliundwa makampuni ya uchukuzi ya mikoa, na hao wadogo wakabanwa. Vita vya Uganda, 1978 hadi 1979, vilichukua malori mengi ya watu binafsi nchini kwenda mbele. Na miaka iliyofuata ilikuwa ya upungufu wa vipuri, matairi na mafuta. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, malori mapya kwa wenyeji, ingawa makuukuu kule yalikotoka, yakaanza kuonekana. Mimi nilizaliwa Karatu katika miaka hiyo, na malori ya utoto wangu yalikuwa Bedford, Leyland na Isuzu, yaliyokwisha tengenezwa mara nyingi hata sehemu ya asili ikawa ngumu kuiona.

Sasa tuyatazame maneno. Yako ya tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni la bahari. Usukani ni wa chombo cha majini kabla ya kuwa wa gari. Nauli ilikuwa malipo ya chomboni. Shehena ni mzigo wa jahazi. Abiria nao ni neno la safari lenye asili ya Kiarabu kama hayo mengine. Neno chombo lenyewe, ambalo pwani ni jahazi na jikoni ni sufuria, limekuja kuwa gari pia, twasema vyombo vya usafiri. Karatu hakuna bahari. Maziwa yaliyo karibu, Manyara na Eyasi, ni ya magadi, wala hayana majahazi. Walakini maneno ya mabaharia yamepanda ukingo wa Bonde la Ufa na kukaa juu ya magurudumu. Hayakupanda yenyewe. Yalipandishwa na watu waliokwisha kuzoea kusema Kiswahili cha biashara, ambao walipoiona kazi mpya waliitambua kuwa ni kazi ya zamani: kubeba mali ya mtu mwingine kwa malipo mpaka bandari nyingine.

Tabaka la pili ni la mashine: injini, gia, klachi, breki, springi, tairi, jeki, spana, kabureta, boneti. Haya ni ya Kiingereza, na sababu yake si vigumu kuiona. Kile ambacho baharia alikijua kilikuwa na jina tayari. Kile kilichofichika chini ya boneti kilikuja na jina lake.

Tabaka la tatu ni maneno ambayo kazi yenyewe iliyapa maana mpya. Taniboi latokana na Kiingereza, na wazee hulieleza kuwa ni kijana wa kuzungusha, yaani aliyeizungusha hendeli mbele ya lori mpaka injini iwake. Siku hizi lori huwashwa kwa ufunguo, naye bado ni taniboi, au utingo. Jina limedumu baada ya kazi iliyolizaa kufa. Kichwa ni sehemu ya mbele ivutayo tela. Gari huchemsha, gari hulala njiani, gari hufa. Na likizeeka huitwa mkweche. Neno hilo la mwisho lina madhara kidogo, maana lugha yetu haina neno la kuliheshimu lori kuukuu. Lililoitwa mkweche huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu bila mtu kuona hasara.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ng'ambo, nilitenga sura moja kwa maneno ya mkopo. Nikayapanga maneno ya gari kwa asili zake, nikaona ya Kiingereza ndiyo mengi, nikahukumu kwamba katika biashara hii mwenye lugha alikuwa mpokeaji tu. Watahini waliipenda sura hiyo. Niliporudi nyumbani nikamsomea orodha yangu mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa njia ile tangu ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kazi ziko wapi. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba nimehesabu vyuma vyote vya lori, lakini katika orodha nzima hakuna mtu anayefanya jambo lo lote.

Alikuwa na haki. Orodha yangu ilikuwa ya majina, haikuwa na vitenzi. Nami nilipoanza kuandika vitenzi, picha ikageuka. Kupakia, kupakua, kufunga turubai, kukaza, kulegeza, kusukuma, kuvuta, kuchimbua gurudumu, kuwasha, kuzima: karibu vyote ni vya Kibantu. Hata jina la kigeni lilipoingia, lilitawaliwa na kitenzi cha nyumbani: kutia gia, kufunga breki, kupiga honi, kukanyaga mafuta. Wanaisimu wajua tangu zamani kwamba majina hukopwa kwa wepesi kuliko vitenzi. Lakini mimi nililijua jambo hilo kama kanuni, wala sikuliona kama historia. Historia yake ni hii: chuma kilitoka ng'ambo, bali kazi ilikuwa ya wenyeji, na lugha imeweka kumbukumbu ya mgawanyo huo kwa uaminifu kuliko daftari la mwenye mali.

Mjomba alinieleza pia juu ya kabari. Lori lililojaa lilipopanda ukingo juu ya Mto wa Mbu, utingo hakukaa juu ya mzigo. Alitembea nyuma, ameshika kabari ya mti, na kila lori liliposita aliitia chini ya gurudumu kabla halijarudi nyuma. Akichelewa, lori lilikwenda, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Kwa hiyo dereva alipopiga kelele neno moja tu, kabari, hakuwa akitaja chombo. Alikuwa akitoa amri, na maisha ya watu waliokaa juu ya magunia yalitegemea amri hiyo kufahamika upesi.

Kufahamika na nani? Hapo ndipo ulipo umuhimu wa njia hii kwa wataalamu wa lugha. Sehemu hii ya nchi ni mahali pa pekee: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni vya Kiniloti, Kihadza cha bonde la Eyasi kina vidoko na kinasimama peke yake, na Kibantu kiko pande zote. W. H. Whiteley, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, aliandika pia juu ya Kiiraqw, basi tawi letu la elimu limeijua nchi hii zamani. Lakini shule zilikuwa chache. Watu wengi hawakujifunza Kiswahili darasani, bali juu ya magunia, pamoja na dereva wa kabila jingine na mwenye mali wa kabila la tatu. Na tangu kilimo kilipopigwa marufuku katika hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1975, marufuku iliyolegezwa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2009, mahindi ya wafugaji yamelazimika kupanda kutoka chini, na lugha ya bei ya mahindi imepanda nayo. Tangu mwaka 2022 malori yameshuka tena yakiwa na vyombo vya kaya zilizohamia Msomera, wilaya ya Handeni. Mabishano juu ya kuhama huko si kazi ya makala haya kuyaamua. Nataja tu kwamba hata safari hiyo itaacha maneno yake, na yafaa yaandikwe mapema.

Nasema mapema kwa sababu. Nilikuwa nimejaza daftari moja na nusu kwa maneno ya mjomba wangu alipofariki. Nusu iliyobaki ni tupu. Najua majina ya sehemu zote za lori la Bedford, lakini sijui utingo wa miaka ya 1960 aliitaje ile namna ya kulaza magunia ya ngano ili yasihame kwenye kona. Alikuwa ameahidi kunionyesha.

Wako wazee wengine Karatu, Mto wa Mbu na Unga Limited. Nawaomba wenzangu wenye wanafunzi wawatume kwao na daftari, wakaulize kwanza vitenzi na ndipo majina. Na msomaji aliyepata kusikia maneno ya kazi hii katika njia nyingine, ya Kondoa, ya Tunduru au ya Sumbawanga, atatusaidia sana akiyaandika pamoja na mahali na mwaka alipoyasikia.