Kanali Jean-Baptiste Bagaza na Jamhuri ya Pili ya Burundi

Jean-Baptiste Bagaza, mwanajeshi aliyeitawala Burundi kuanzia 1976 hadi 1987, alizaliwa tarehe 29 Agosti 1946 huko Rutovu, mkoani Bururi. Alisomea uofisa wa jeshi mjini Brussels, na huko huko akasoma sosholojia. Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipangiwa kazi katika makao makuu ya jeshi.

Rais wa wakati huo, Michel Micombero, naye alikuwa mtu wa Rutovu. Mwaka 1972 serikali yake iliujibu uasi wa Wahutu kwa mauaji ambayo Warundi huyaita Ikiza. Inakadiriwa kuwa waliouawa ni kati ya laki moja na laki tatu, wengi wao Wahutu, na maelfu wengine walikimbilia nchi jirani. Tarehe 1 Novemba 1976 Bagaza, akiwa luteni kanali, alimpindua Micombero bila kumwaga damu.

Utawala wake, ulioitwa Jamhuri ya Pili, ulileta mabadiliko makubwa. Mwaka 1977 aliufuta ubugererwa, desturi iliyomfunga mkulima asiye na ardhi kwa mwenye shamba: mkulima alilima kwa ridhaa ya mwenye shamba, akamlipa mavuno na kumtumikia. Barabara za lami zilijengwa kutoka Bujumbura kwenda mikoani, na mwaka 1986 bwawa la umeme la Rwegura lilikamilika.

Hata hivyo, mamlaka yalibaki mikononi mwa wachache. UPRONA ilikuwa chama pekee, na katika uchaguzi wa 1984 Bagaza hakuwa na mpinzani. Kuzungumzia ukabila hadharani kulikatazwa, ilhali vyeo vya juu jeshini viliendelea kushikwa na Watutsi, hasa wa Bururi. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waumini wengi na shule nyingi, lilibanwa vikali: wamisionari walifukuzwa kwa mamia, misa za siku za kazi zikazuiwa na mapadri wakafungwa.

Tarehe 3 Septemba 1987, Bagaza akiwa Quebec, Kanada, kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka. Buyoya pia alitoka Rutovu. Bagaza aliishi uhamishoni Uganda na Libya, akarejea katika miaka ya 1990 na kuongoza chama cha PARENA. Baadaye aliketi katika Seneti akiwa mkuu wa nchi mstaafu.

Alifariki Brussels tarehe 4 Mei 2016, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Bujumbura mwezi huo huo. Wakati huo jeshi alilolitumikia lilikuwa limebadilika: kutokana na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, hakuna kabila linaloruhusiwa kuzidi nusu ya wanajeshi wote.