Siku Isiyoandikwa Kwenye Kipande

Majengo ni jina la mitaa mingi: Mombasa, Moshi, Dodoma, Nairobi, na hapa Songea. Mara nyingi ni mtaa wa watu waliotoka kwingine. Lakini ukitaka kuielewa Songea, usiulize tu nani aliingia. Uliza pia nani aliondoka, na akirudi alikuwa na nini mwilini.

Safari ni jambo la kale Ungoni. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na walihama na wake na watoto. Kodi ya wakoloni ilileta safari ya aina nyingine: mwanaume peke yake. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilikuwa mbali, Tanga na Korogwe kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua. Watu wakawaita manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake.

Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha mwaka 1955 utafiti kuhusu safari hizi za Wangoni na Wandendeule. Alionyesha kuwa kilichowasukuma hasa ni uhaba wa fedha nyumbani. Sawa kabisa. Ila tukiangalie na kipande chenyewe.

Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, za kumalizwa ndani ya siku 42. Umemaliza kazi ya leo, inaandikwa. Umelala na homa, haiandikwi, na mshahara unasogea mbele. Mfumo huo ungevumilia malaria ya siku tatu. Kifua kikuu au ukoma, je? Anayeugua miaka hana siku ya kuandikiwa. Kwake lililobaki ni kurudi nyumbani, kwa mama, mke au dada atakayemuuguza na bado alime. Randall Packard ameeleza jambo hilohilo Afrika Kusini: migodi iliwarudisha vijijini wachimbaji wenye kifua kikuu. Yaani mwajiri alinunua nguvu, uuguzi akawaachia ndugu.

UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, hadithi ilikuwa ileile: wengi walirudi kwao kuuguzwa na kufa. Kisha mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure, na ugonjwa wa kuua ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Leo msafiri anabeba kadi ya kliniki. Nayo inahesabu siku, lakini inaanza pale ambapo kipande kilikuwa kinaishia: kwenye ugonjwa. Mtu anaugua na bado anasafiri, anafanya kazi, analea.

Hayo ni mabadiliko makubwa. Ila kadi haipiki uji. Presha ikimlaza mtu, au kisukari kikimkata mguu, kazi ya kumuuguza inarudi kwa walewale wanawake, na siku zao hazijawahi kuandikwa popote. Historia ya uhamaji ikiandikwa upya, ianzie kwao.