Kupunguza Picha za Ukoo: Mfano wa Masasi na Newala

Tunapouzungumzia urithi wa taifa letu tumezoea kutaja ngoma, vinyago, masimulizi na magofu ya kale. Ni mara chache tunalitaja sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mzee, ambalo ndani yake mna picha. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Masasi na Newala sanduku hilo ndilo lililohifadhi kumbukumbu pekee za ukoo zisizotegemea kinywa. Mzee akifariki, au nyumba ikibomolewa ili ijengwe mpya, watoto hulifungua na kukuta picha chungu nzima, nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimegandamana kwa unyevu. Hapo huzuka swali: zipi zibaki na zipi zitupwe? Swali hilo laonekana dogo, lakini ni swali la historia, na wengi wetu hulijibu kinyume.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi kamera ilivyofika katika nchi hii. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka uliotangulia vikiwa havijamalizika, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Lindi na Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alichukua kamera ya picha za kawaida, kamera ya sinema na mashine ya kunasia sauti. Kitabu chake kilichapishwa Leipzig mwaka 1908, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka London mwaka 1909. Mtu akizitazama picha za kitabu hicho leo huziona nyuso za babu na bibi zetu, lakini majina hayaoni. Wachache wenye vyeo, kama Matola, walitajwa. Waliobaki ni mwanamke wa Kimakonde, kijana wa Kiyao, basi. Sura imehifadhiwa zaidi ya miaka mia moja, mwenye sura amepotea.

Picha za wenyeji wenyewe zilikuja baadaye. Misheni ya UMCA ilikuwa imekwisha kuanzishwa Masasi tangu mwaka 1876, na Wabenediktini walianza kazi yao Ndanda mwaka 1906. Kutokana na shule na makanisa walipatikana walimu, makarani na wauguzi, na watu hao walipenda kupigwa picha siku ya harusi au siku ya kupata cheti. Vijana waliokwenda kukata mkonge walipiga picha mjini, mbele ya pazia lililochorwa maua, wakazituma nyumbani pamoja na barua. Ndivyo sanduku lilivyojaa. Tena, si masanduku yote yaliyosalimika: wakati wa kuhamia vijijini, miaka ya 1970, waliohama hawakuweza kuhama na kila kitu.

Sisi wenyewe tulikabiliwa na kazi hii miaka kadhaa iliyopita, katika nyumba ya wazee wetu huko Newala. Picha zilikuwa 310. Tulitandika mkeka uani, tukazigawa mafungu mawili. Katika fungu la kubaki tuliweka zile safi na za kupendeza. Katika fungu la kuchomwa tuliweka zilizochanika, zilizofifia, na zile ambazo hapana kijana aliyewatambua watu wake. Humo ilitiwa pia picha ya bibi mmoja mwenye chale usoni na ndonya mdomoni, kwa sababu binti mmoja alisema wageni wangeicheka.

Mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, maana kwetu ukoo huhesabiwa upande wa mama, alikuwa amekaa kimya chini ya mwembe. Alinyanyuka, akapekua fungu la kuchomwa, akatoa kipicha kilichopasuka pembe. Kilikuwa cha vijana wawili walioegemea baiskeli.

"Wapwa zangu," alisema, "huyu wa kushoto ni mdogo wake bibi yenu. Alikwenda Tanga na manamba, akaleta picha hii, kisha barua zikakatika. Hapa Newala hana kaburi. Kaburi lake ni hili."

Hapana aliyemjibu. Tuliyarudisha mafungu yote mawili katika sanduku, na kazi tukaianza upya siku ya pili, wazee wakiwa wamekaa mkekani pamoja nasi.

Kosa letu lilikuwa wazi. Tulichagua kwa uzuri wa picha, ilhali ilitupasa kuchagua kwa habari iliyomo. Katika fungu la kubaki tulikuta picha kumi na moja za harusi moja, karibu zote sawasawa. Katika fungu la kuchomwa alikuwamo mtu ambaye duniani hakuacha alama nyingine. Na yule bibi mwenye ndonya ndiye aliyekuwa mzazi wa nusu ya watu waliokuwapo uani.

Hatusemi kwamba kila picha itunzwe. Nyumba ni ndogo, na sanduku lililojaa kupita kiasi huoza lote. Mkulima naye hahifadhi mahindi yote kuwa mbegu. Huteua magunzi machache akayatundika juu ya meko. Lakini mbegu huteuliwa kabla ya kula. Vivyo hivyo, kupunguza picha hapana budi kutanguliwe na kuuliza. Kila picha ionyeshwe kwa wazee, na jina la mtu, la mama yake, mahali na mwaka, hata kama ni wa kukisia, viandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu huvuja ukaharibu upande wa mbele. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya hapo kupunguza huwa kwepesi. Picha zinazofanana zigawiwe ndugu wa nyumba mbalimbali, kwani picha iliyo katika nyumba tatu haimalizwi na moto mmoja. Picha za jando na unyago zisitolewe hadharani. Wakabidhiwe wanaohusika, waamue wao. Zilizofifia zisihukumiwe kwa kufifia. Zitakazobaki zitiwe katika bahasha za karatasi, mbali na ukuta wenye mchwa na mbali na moshi, wala zisibandikwe katika albamu za gundi, ambazo baada ya miaka huzing'ang'ania zisibanduke. Kuzinakili kwa simu ni jambo jema, mradi upande wa nyuma nao unakiliwe. Mwisho kabisa ndipo zitupwe zile zisizo na mtu wala mahali panapotambulika.

Katika picha zetu 310 zilibaki 124. Nyingi ya zilizoondoka hazikuchomwa, zilikwenda kwa ndugu Masasi, Lindi na Dar es Salaam. Kile kipicha cha vijana wawili kimebaki, na nyuma yake limeandikwa jina moja. La yule wa kulia hata mjomba hakulijua.

Majina aliyoyaacha Weule hatuwezi kuyarudisha yote. Lakini sanduku lililo chini ya kitanda ni letu, na wanaoyajua majina yake wangali wanaishi nasi. Korosho zikisha kuvunwa, ndugu wakakutana nyumbani, sanduku na lifunguliwe mbele ya wazee.