Jina Stanley na Maana Yake

Wengi wenu mmesikia jina Stanley. Huenda mnaye jamaa au mwanafunzi mwenzenu aitwaye hivyo. Mkimwuliza maana yake, pengine atawajibu kwamba ni jina la Kizungu tu. Walakini hakuna jina lililozaliwa bila maana.

Stanley lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la mtu. Katika Kiingereza cha kale, “stan” ni jiwe, na “leah” ni mahali peupe mwituni, palipofyekwa miti. Basi Stanley ni uwanja wa mawe mwituni. Vipo vijiji kadha wa kadha vya Uingereza viitwavyo hivyo, maana watu wa zamani waliita mahali kwa jinsi walivyopaona.

Baadaye watu wakaitwa kwa jina la mahali walikotoka, na jina la mahali likawa jina la ukoo. Ukoo mmoja wa Stanley ulipata nguvu nyingi, hata mwaka 1485 Mfalme Henry wa Saba akampa Thomas Stanley cheo cha ulodi wa Derby. Hivyo jina la uwanja wa mawe likapata utukufu. Katika karne ya 19 ilienea sana desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo liwe jina lake mwenyewe. Stanley Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1867 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu, aliitwa hivyo.

Yuko na mwingine, ambaye habari zake zatuhusu sisi. Mwaka 1841, katika mji wa Denbigh, Wales, alizaliwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipokuwa kijana alikwenda Marekani, akajitwalia jina la mfanya biashara mmoja wa New Orleans. Huyo ndiye Henry Morton Stanley, aliyekutana na Livingstone huko Ujiji mwaka 1871.

Jina hilo alilichagua mwenyewe. Lakini jina jingine alipewa. Alipokuwa akipasua miamba ili kufanya njia huko Kongo, wenyeji walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Jina la kwanza lina jiwe ndani yake, na la pili lina jiwe vilevile! Lakini hili la pili halikukaa kwake peke yake. Watu waliiita hivyo hata serikali ya Mfalme Leopold, iliyotawala Kongo tangu 1885 mpaka 1908, na kuwalazimisha wenyeji kukusanya mpira kwa mijeledi na bunduki. Bula Matari likawa jina la kuogofya. Nao mji wa Stanleyville, ulioitwa kwa jina lake, tangu mwaka 1966 ni Kisangani.

Basi, jina la kwanza twapewa na wazazi, au twajichagulia. La pili twapewa na jirani zetu, kwa matendo yetu. La kwanza huandikwa katika cheti, la pili hukaa vinywani mwa watu, wala hatuwezi kulifuta. Wahenga walisema: Jina jema hung’aa gizani.