Kasi ya spindo: Jinsi volti 10 zinavyoongoza mizunguko 24,000

SPINDO, yaani mhimili unaozungusha kisu katika mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, hupata kasi yake kutokana na masafa ya umeme. Mota yenye ncha mbili za sumaku ikipewa hezi 400 huzunguka takriban mara 24,000 kwa dakika. Ikipewa hezi 200, kasi hushuka hadi nusu.

Masafa hayo hutolewa na kifaa kiitwacho kibadilisha masafa, ambacho hupokea amri kutoka kwa kidhibiti cha mashine kupitia waya mbili zenye ishara ya volti 0 hadi 10. Volti 5 humaanisha nusu ya kasi.

Hatari kubwa imo katika mipangilio. Spindo ya hezi 400 ikiunganishwa na kifaa kilichopangwa kutoa volti zote kwenye hezi 50, hupitisha mkondo mkubwa kupita kiasi na huweza kuungua. Hivyo, fundi hana budi kulinganisha tarakimu za kibao cha mota na za kifaa kabla ya kuwasha.

Aidha, kifaa kisifunguliwe mara tu baada ya kuzimwa: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa.